Muulize Anaitoaje Shaba



Kama ulikuwa na simu Tanzania mwaka 2016, utaukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni. Ilipotimu saa sita, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Wiki za mwisho kabla ya hapo kila mtu alikuwa anabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Zinajitokeza tarakimu 15, unazituma kwenda 15090, unangoja jibu roho ikiwa juu, maana simu uliipata kwa shemeji, shemeji aliipata kwa machinga, na machinga hayupo tena kwenye ile kona. Wakenya walishayapitia hayo mwishoni mwa Septemba 2012.

Mabishano yalikuwa makali. Wengine walisema mnyonge anaadhibiwa kwa kosa la aliyeingiza mzigo. Wengine wakasema afadhali, matapeli wa simu watakoma. Hoja zote mbili zilikuwa na mashiko. Ila kuna swali ambalo sikumbuki kulisikia, si redioni wala kijiweni: hizo simu zinakwenda wapi?

Maana hazikuwa zimekufa. Betri ilishika chaji, kioo kiliwaka, spika ilipiga muziki. Zilinyimwa mtandao tu. Nyingine zikawa tochi na za kuchezea watoto, nyingine zikaingia kwenye droo pamoja na chaja zisizo na mwenyewe, rimoti ya deki iliyokwisha kuuzwa na king'amuzi cha kampuni uliyoihama. Sitashangaa baadhi zikiwa humo hadi leo. Jioni hii nazungumza juu ya droo hiyo, na juu ya watu wawili wanaosimama kati ya droo hiyo na jalala: fundi, na mnunuzi wa chakavu.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Ripoti ya mwaka 2024 ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, ITU na UNITAR, inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022. Zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi zilikuwa asilimia 22.3 tu. Mkazi wa Ulaya alitoa kwa wastani kilo 17.6 kwa mwaka. Mkazi wa Afrika kilo 2.5. Utaniambia basi sisi tuna nafuu. Kwa uzito, kweli. Lakini Ulaya zaidi ya asilimia 40 ya taka hizo zinafika mahali panapojulikana, na Afrika hazifiki hata asilimia 1. Zetu zinaishia uani, jalalani, kwenye mfereji wa maji ya mvua, au kwenye moto.

Na hiyo nafuu ya uzito, mbali na umaskini wetu, kuna mtu wa kumshukuru. Fundi.

Kaa nusu saa kwenye kibanda cha fundi TV uone kazi inayofanyika mle. Anaingia mama na kijana wake, kijana kabeba TV ya flati imefungwa kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hii inaongea lakini haionyeshi. Nimepita dukani, wameniambia ninunue nyingine."

Fundi hajagusa bisibisi bado. Anaiwasha, anashusha turubai la mlangoni kibanda kiwe na giza, anawasha tochi ya simu na kuisogeza mpaka inakaribia kugusa kioo. "Sogea hapa, mama. Tazama." Na palepale tochi inapomulika, mtangazaji wa habari anaonekana kwa mbali, anaongea, mikono inacheza. Picha ipo. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma yake.

Nyuma ya kioo cha TV ya LED kuna kanda nyembamba zenye taa ndogondogo, zimeungwa kwa kufuatana. Taa moja ikiungua, mstari wake wote unakatika, na TV nyingi zikihisi hivyo zinazima mwanga wote. Kwa hiyo kifaa cha laki kadhaa kinalala kwa sababu ya taa isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Bodi nzima, spika nzima, kioo kizima. Fundi anazipima taa moja baada ya nyingine, anaipata iliyokufa, anabadilisha hiyo au ukanda mzima. Kazi ngumu ni kukinyanyua kioo, kwa sababu ni chembamba na hakitaki kupindwa hata kidogo. Kikipata ufa mambo yamekwisha, bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV nyingine. Hapo ndipo unapomjua fundi na mbahatishaji. Akimaliza, fundi mzuri ataingia kwenye mipangilio na kupunguza mwanga wa nyuma. TV nyingi zinatoka kiwandani mwanga ukiwa juu sana ili zing'are dukani, na joto la mwanga huo ndilo linaloziua taa. Nenda kapunguze wa kwako leo. Macho yatazoea kwa siku mbili.

Siwalaumu wenye maduka, wao wanauza. Ila ushauri wa kununua nyingine umetuingia hadi tunajipa wenyewe, bila kuuliza kama kilichokufa ni kifaa au ni sehemu yake ya shilingi elfu chache.

Chini ya meza ya fundi simu, pale mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, au kwenye kituo cha daladala mtaani kwako, kuna boksi la simu mfu. Halivutii kulitazama. Lakini humo ndimo inamotoka kamera ya kuweka kwenye simu ya dada, tundu la chaji la simu ya bodaboda, na ile skrubu ambayo hakuna duka linaiuza. Simu moja iliyozama majini inaponya tatu zilizoanguka. Hakuna kiwanda cha urejelezaji duniani kinachotoa faida kubwa kiasi hicho kwa uchafu mdogo kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya hewa chafu inayotokana na simu hutoka wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha. Kila mwaka unaoiongezea simu ni mwaka ambao nyingine haikuhitaji kutengenezwa.

Mengine hayahitaji hata fundi. Wauzaji wa zamani walikuwa wakikwambia ichaji simu mpya saa nane kwanza, na uiache iishe kabisa kabla ya kuchaji tena. Hayo yalikuwa masharti ya betri za nikeli. Betri za leo ni za lithiamu, na adui yake mkubwa ni joto. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dodoma, au inayochaji usiku kucha chini ya mto, inazeeka kwa kasi. Betri hiyo pia haipendi kuisha kabisa wala kukaa imejaa pomoni kutwa. Ikicheza kati ya asilimia 20 na 80 inadumu zaidi. Chaja ikianza kulegea kwenye tundu, usikimbilie kununua tundu. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, utatoa humo pamba za mfuko wa suruali. Na friji lako, kwa umeme wetu huu wa kwenda na kurudi, liwekee kile kifaa cha kulilinda, friji gadi. Kinachelewesha umeme dakika chache kwa makusudi: kompresa ikilazimishwa kuwaka mara tu baada ya kuzima, mgandamizo wa gesi ukiwa haujatulia, inaungua. Watu wengi wanakichomoa kwa sababu "kinachelewa".

Kwa upande wa sheria, Ulaya wamesogea. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa betri zake zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, spea zipatikane kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na programu endeshi iendelee kupata masasisho kwa miaka 5. Ni jambo jema. Linachekesha kidogo pia: wanaotungiwa sheria ya spea ni wale ambao mtaani kwao fundi ni wa kumtafuta, na sisi wenye fundi kila kona tunaokoteza spea kwenye boksi. Ningependa siku moja kuusikia muswada wa namna hiyo ukisomwa Dodoma na Nairobi.

Lakini fundi naye anafika mwisho. Maji ya chumvi yamekula bodi, radi imepita kwenye TV, kifaa hakirudi. Hapo anapita kijana na mkokoteni, anaimba vyuma chakavu, betri mbovu, friji bovu. Na hapa, msikilizaji, naomba usikilize kwa makini zaidi, kwa sababu kifaa kibovu kilicholala kabatini mara nyingi hakimdhuru mtu. Hatari inaanza pale kinapofumuliwa.

Kijana yule anauza kwa kilo. Anachokitaka ni shaba, iliyomo kwenye waya, kwenye mota, kwenye koili. Njia ya haraka ya kuipata ni kuurundika waya pamoja na magodoro mabovu au mipira ya magari na kuupiga kiberiti. Ganda la waya, lile la plastiki, mara nyingi ni PVC, na PVC ikiungua kwenye moto hafifu wa uani inatoa dioksini. Sumu hiyo haiishii kwenye moshi. Inatua kwenye udongo, kuku anadonoa, inakaa kwenye mafuta ya yai. Mwaka 2019 watafiti wa asasi za IPEN na Basel Action Network walipima mayai ya kuku waliokuwa wakizurura Agbogbloshie, Accra, nchini Ghana, kwenye yale majalala ya vyuma yaliyopata umaarufu duniani. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu la hapo anazidisha mara 220 kiwango cha dioksini kinachovumiliwa kwa siku kwa vipimo vya Ulaya. Yai moja. Picha za Agbogbloshie zilizunguka sana, vijana na moto na moshi mweusi, na mimi naziona zilikuwa na dhuluma kidogo, kwa sababu hazikuonyesha mafundi waliokuwa pembeni wakifufua friji na kompyuta. Lakini yai halikudanganya. Eneo lile lilibomolewa Julai 2021, na moto wa namna ile haukuzimika kwa kubomoa. Waliokuwa wakichoma walihamia jirani.

Na ukiifikiria shaba yenyewe unaweza kucheka kwa uchungu. Kila siku malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi, Kongo, yanapita Tunduma kuja bandari ya Dar es Salaam. Tunaona yakipita. Madini yanakwenda Asia, yanarudi yakiwa waya na simu, na mwishoni tunayachoma, moshi unatua kwenye ugali wa jirani.

Mtu ataniambia, basi tupate viwanda vya kurejeleza, tatizo litakwisha. Si lazima. Watu wa Mombasa wanalijua hili kuliko wote. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kutoa madini ya risasi. Kilikuwa kiwanda cha urejelezaji hasa, cha kuuza nje, chenye ajira. Moshi na maji yake machafu vikaingia kwenye nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa humo. Mtoto wake mchanga aliyekuwa akimnyonyesha akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaacha kazi akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kuanzia kufungwa kwa kiwanda hadi hukumu ya mwisho ni miaka 10, na risasi ikishaharibu ubongo wa mtoto hakuna fidia inayourudisha.

Kwa hiyo mimi neno "urejelezaji" peke yake haliniridhishi. Nataka kujua unafanyika wapi, kwa mikono ya nani, na moshi unakwenda upande gani.

Kuna jambo jingine la kuwaonya vijana, nitalipita haraka. Kwenye simu zenu zinazunguka video za kutoa dhahabu kwenye bodi kwa kutumia tindikali. Dhahabu imo, ni kweli. Wajapani waliitoa: medali zote za Olimpiki ya Tokyo zilitokana na vifaa vilivyotolewa na wananchi, tani 78,985 za vifaa vidogo pamoja na simu milioni 6.21. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32. Kwa tani zote hizo, na kwa viwanda vya Japani. Wewe na ndoo yako ya tindikali nyuma ya nyumba utapata mapafu mabovu.

Turudi kwenye mkokoteni, maana kuna hesabu pale ambayo ndiyo inayoamua kila kitu. Mnunuzi anachukua chenye bei. Chukua TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na wengi walidhani chogo zingekwisha mwezi ule ule. Ving'amuzi vikaziongezea maisha, nyingine zinaonyesha mpira hadi leo. Siku inapokufa kweli, mnunuzi anaivunja shingo, anatoa koili ya shaba, anatoa alumini, anaondoka. Kioo kinabaki. Na kioo kile ndani yake kina risasi, kwenye TV kubwa inazidi kilo moja. Hakina mnunuzi. Ndiyo maana utakikuta kwenye korongo, vipande vipande, watoto wanachezea. Sokoni, chenye thamani kinapata mwenyewe na chenye sumu hakipati, na huwezi kumlaumu kijana wa mkokoteni kwa kukataa kubeba hasara.

Hasara ile ni ya kubebwa na aliyeleta kifaa nchini. Huo ndio msimamo wangu, na kwenye karatasi serikali zetu zinaelekea huko. Tanzania ilitunga kanuni za taka za umeme na elektroniki mwaka 2021. Kenya ilitoa mwaka 2024 kanuni zinazomwajibisha mzalishaji na mwingizaji kwa bidhaa yake mpaka siku inapokuwa taka. Rwanda wana kiwanda cha kufumua vifaa hivi Bugesera, na Nairobi kuna WEEE Centre, iliyozaliwa na mradi wa kupeleka kompyuta mashuleni: kompyuta zilipozeeka, waliozigawa wakaona ni wajibu wao kuzipokea tena. Nawaheshimu kwa hilo. Wauzaji wengi hawajafikiria hivyo.

Na bandarini, tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwa maandishi kwanza. Mimi si adui wa mtumba. TV ya mtumba kutoka Dubai inayowaka ikadumu miaka mitano ni bora kuliko mpya ya bei chee inayokufa baada ya miezi kumi. Ninachokipinga ni kontena ambalo nusu yake haijawahi kuchomekwa kwenye umeme kuona kama inawaka. Soketi moja ya umeme pale bandarini ingeamua ipi ni bidhaa na ipi ni taka.

Wewe wa nyumbani, ukifungua ile droo, gawa vitu mafungu matatu. Kinachofanya kazi, mpe mtu anayekihitaji, ila utoe laini na kadi ya kumbukumbu, uiondoe akaunti yako, kisha uifute simu yote. Simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine ni tofali, na fundi mwaminifu ataikataa. Kibovu kinachotengenezeka, kipeleke kwa fundi kabla hakijaoza, na kisichotengenezeka mwachie boksi lake. Betri iliyovimba usiitoboe, usiichaji, usiitie kwenye pipa la taka za jikoni. Iweke kwenye mchanga, ndani ya chombo kisichoshika moto, mbali na watoto, kisha muulize afisa mazingira wa halmashauri yako ni mkusanyaji gani mwenye kibali anayeipokea. Akikosa jibu, muulize tena wiki ijayo. Maofisa huanza kutafuta majibu wanapoulizwa na wengi.

Na mkokoteni ukipita mlangoni kwako, kabla hujapokea hela, muulize kijana: hii shaba unaitoaje? Akikwambia anamenya kwa kisu, muuzie, na kama unaweza mpunguzie. Waya uliomenywa hutoa shaba safi, na kwenye biashara ya metali shaba safi hupangwa daraja la juu kuliko iliyoungua, kwa hiyo hapotezi kitu ila muda. Akikwambia anachoma, mnyime, hata akiongeza bei.